Vidukari wa Henda

Asubuhi ya mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, Henda alikuwa ameshatupa majani ya saladi mengi kuliko aliyoyaweka, na hata kwa yale aliyoyaweka moyo wake ulikataa kutulia.

Alikuwa amekaa dirishani, mahali pake pa kila mwaka, kwenye stuli iliyokatwa miguu ili magoti yasimuume. Mbele yake palikuwa na trei nyeupe ya enameli, na juu ya trei taa ya shingo ndefu aliyoikunja mpaka ikakaribia kuigusa. Kushoto kulikuwa na karai la maji ya sabuni, majani yakiloweka humo ili mdudu aachie miguu. Kulia kulikuwa na bakuli la kioo la majani safi, limefunikwa kitambaa. Na chini, katikati ya miguu yake, ndoo.

Kazi yenyewe aliijua kama anavyojua kufunga kitambaa chake cha kichwa. Unakata kitako cha saladi, unachambua jani moja moja, unaliloweka, unalisuuza mbele na nyuma kwenye bomba lililofunguliwa kwa nguvu, unalikung'uta, halafu unaliinua kwenye taa mpaka mwanga upite ndani yake kama unavyopita kwenye shuka lililochakaa. Hapo ndipo unapotazama. Unatazama kwenye mikunjo, unatazama kando ya uti, unawatafuta vidukari wa kijani wanaojifanya jani, na wale weusi wembamba kama uzi uliokatwa, na vile vijia vyeupe ambavyo funza huchimba ndani ya jani lenyewe akakaa humo kama mwenye nyumba. Ukiona kitu chenye miguu, jani hilo halina kazi tena.

Sheria haina mzaha hapo. Anayemla mdudu mmoja mzima, hata awe mdogo kama punje ya chumvi, amebeba makosa mengi kuliko aliyekula nyama ya nguruwe. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha alipokuja nyumbani humu akiwa bibi arusi, akamwekea taa ile mbele yake na kumwambia, "Kuanzia leo midomo yetu sote iko kwenye jicho lako." Na usiku wa leo kila mtu mezani, wana, wakwe na wajukuu, ni lazima ale majani machungu ya kukumbuka utumwa wa Misri, tena si ya kuonja, ya kujaza kinywa. Wangeyapokea kutoka mkononi mwake na kuyala bila kuyatazama. Hakuna aliyewahi kuyatazama. Jicho la Henda lilikuwa limekwisha kutazama, ikatosha.

Sasa leo kila jani lilikuwa na kitu. Aliliinua, akaona cheusi kando ya uti, akalitia ndooni. Akainua jingine, cheusi kikawa karibu na ncha. Jingine, viwili. Alibadilisha maji. Akaongeza sabuni. Akaifuta taa, akaifuta miwani kwa pindo la aproni, akaifuta tena kwa kitambaa kikavu, akainua jani, na cheusi kikawepo.

"Mama Nahumu," alisema mumewe Zalke kutoka dirisha la pili, alikokuwa akikwangua ule mzizi mweupe mkali wanaoula wanaume wa ukoo wao pamoja na saladi, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu. "Nimelia tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani."

"Kwangua nje, barazani."

"Nje kuna moshi. Mtaa mzima wanachoma mikate ya chachu iliyobaki, isikute sikukuu. Nikitoka huko nitakufa, halafu zamu ya kulia itakuwa yenu."

"Saladi ya mwaka huu mbaya," alisema Henda.

"Muuzaji aliapa imelimwa ndani ya neti, hata nzi hapiti."

"Yule huapa. Si ndiye aliyeapa pia kwamba mchumba wa binti yake Mindel hanywi?"

Zalke alicheka, kicheko kikaingiliwa na kikohozi cha ule mzizi, na Henda akatupa jani jingine.

Mkwewe Tsivia, mke wa Nahumu, mwanawe wa kwanza, aliingia na mfuko wa viazi begani na harufu ya moshi kwenye nguo. Alikuwa mwanamke wa kufanya mambo upesi na kusema upesi. Mwaka uliopita, wakati wa kuosha vyombo, alikuwa amemwambia Henda, "Mama, mwakani mpumzike, mje kwetu." Alilisema kwa wema. Henda alilimeza kama mwiba wa samaki, na mpaka leo lilikuwa halijashuka.

Tsivia aliutua mfuko, akachungulia chini. "Ndoo hii ni ya mbuzi wa nani?"

"Ina wadudu."

"Yote?"

"Nimesema ina wadudu, mwanangu."

Tsivia aliinama, akachomoa jani ndooni, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaligeuza. Akachukua la pili. Akapitisha ukucha kando ya uti wake.

"Hili lilikuwa na nini, mama?"

"Cheusi, kando ya uti."

"Labda kimeanguka."

"Kidukari haanguki. Anashikilia mpaka umkate kichwa." Henda aliinua jani jingine. "Viazi havitajimenya."

Tsivia alirudisha jani ndooni taratibu, akavuta kiti upande wa pili wa meza na kuanza kumenya. Kabla ya hapo alitandika kitambaa cheupe cha karamu mezani ili mikunjo yake inyooke, akaacha pembe moja wazi kwa ajili ya viazi. Henda aliona anavyofanya kazi pole pole makusudi, kama mtu anayekaa na mgonjwa, na jambo hilo likamchoma.

Akainuka. Alikuwa hajui anachoinukia. Akafungua kabati la vyombo vya Pasaka, akalifunga. Akahamisha taa upande wa kulia, akairudisha. Alipogeuka kuchukua glasi ya maji, akamwona. Kidukari mweusi, anatembea juu ya kitambaa cheupe cha karamu, katikati kabisa, pale ambapo sahani kubwa ingewekwa.

Alimpelekea kidole. Kidukari akasogea. Akamfuata, akasogea tena, mbele kidogo tu ya kidole, mpaka akafika ukingoni mwa meza. Wala hakuanguka. Alivuka hewani, akaingia ukutani, akapanda ukuta, na Henda alipoinua macho kumfuata akafika darini. Pale Henda alipotuliza macho, kidukari naye akaanza kushuka polepole, kama jani la chai linavyozama kwenye glasi.

Henda alifumba macho akageukia jua la dirishani. Alikuwepo. Katika wekundu ule wa ndani ya kope alikuwa anaelea, na wenzake nyuma yake.

"Unaomba?" aliuliza Zalke.

"Nafikiri."

Kwanza aliona nafuu, nafuu ya kitoto: saladi haina ubaya, muuzaji kwa mara moja katika maisha yake amesema kweli. Halafu macho yake yakaangukia lile bakuli la kioo, na nafuu ikatoka kama maji kwenye karai lililotoboka. Jicho linaloleta wadudu wasiokuwepo, litamwapia nini juu ya waliopo? Katika majani yale aliyoyaita safi, kidukari wa kijani angeweza kukaa amekunja miguu, naye akampita akihangaika na weusi wake.

Na angeweza kunyamaza. Hilo nalo aliliona waziwazi. Majani ya bakulini yangetosha meza nzima. Hakuna ambaye angeyatazama. Taa ingebaki yake, stuli ingebaki yake, na karamu isingehamia kwa mtu.

Alikwenda kwenye sufuria ya maji ya chumvi, akatia chumvi. Akasahau kama alikuwa ametia awali, akaonja, uso ukamkunjamana. Akaenda mlangoni, akarudi. Akafunika mayai yaliyokuwa yamefunikwa.

"Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema Zalke. "Taga, mama Nahumu, tupumzike."

Tsivia aliinamia viazi kuficha mdomo. Henda hakucheka. Alikuwa akimfikiria Gitele, mjukuu wake wa mwisho, ambaye akipewa kitu na bibi yake hufumba macho kwanza ndipo afungue kinywa, kama kifaranga.

Akachukua bakuli, akaliweka mbele ya Tsivia, juu ya maganda ya viazi.

"Nawa mikono. Acha hivyo."

"Kuna nini, mama?"

"Nenda ukakae pale." Aliionyesha stuli kwa kidevu. "Jicho langu lina vidukari wake lenyewe."

Tsivia alimtazama. "Ni uchovu tu. Mwezi mzima umesugua nyumba, hata mimi naona nyota."

"Nimemfuata mmoja mpaka darini."

Zalke aliacha kukwangua. "Nani yuko darini?"

"Nyamaza, baba Nahumu."

"Tangu lini?" Safari hii hakutania.

"Sijui. Nilidhani ni vumbi la miwani. Nimebadilisha kitambaa cha kufutia miwani mara ngapi, si umeniona."

"Nimekuona. Nikasema, mke wangu amekuwa msafi hata kwa miwani." Alijipangusa machozi kwa mkono wenye mzizi, akajiongezea. "Sikukuu ikipita tu tunakwenda kwa daktari. Si wewe unakwenda. Tunakwenda."

Tsivia alikuwa ameshanawa, amekaa, magoti yakifika karibu kidevuni kwenye ile stuli fupi. Alinyoosha mkono ndooni. "Basi nianze na haya. Ya bakulini umeshayaona."

"Ndiyo hayo ninayotaka uyaone."

Mkono wa Tsivia ulikaa hewani kidogo, halafu ukaingia bakulini.

Alitazama jani la kwanza, akaliweka kando. La pili, la tatu. Henda alisimama nyuma yake, mikono haina kazi, akainama kila Tsivia anapoinua na kunyooka kila anaposhusha. "Mikunjo," alisema. "Nimetazama, mama." "Nyuma?" "Nyuma pia." "Isogeze taa, utaumia shingo." "Mama, ama umenye viazi ama unikalie mapajani."

Henda akaenda kwenye viazi. Alimenya kimoja, akarudi.

Ndipo akaona vidole vya Tsivia vinasita. Vilisita kidogo tu, kisha jani likashuka upesi chini ya ukingo wa trei, na jingine likapanda mahali pake.

"Lile lina nini?"

"Limechanika."

"Lililochanika huliwa."

"Mama..."

"Usinifiche, Tsivia. Ukinificha nitakuwa nimekukabidhi taa bure."

Tsivia alilitoa jani. "Mmoja. Wa kijani. Amelala kando ya uti."

"Mzima?"

"Mzima. Anatembea."

Henda alilichukua kwa ncha za vidole, akaliweka kwenye mwanga. Aliuona uti. Aliona weusi wake wale wale, wanaelea kwa raha zao, mmoja kushoto, mmoja anazama. Wa kijani hakumwona.

"Nionyeshe."

Tsivia alisogeza ncha ya kisu cha viazi. "Hapa."

Henda aliona ncha ya kisu. Aliitazama mpaka jicho likamwaga maji, akaliinua jani, akalishusha, akaligeuza. "Simwoni," alisema.

"Yule tungemla," Zalke alisema taratibu.

"Kwako angeungua njiani, kwa mzizi huo." Lakini sauti yake haikubeba mzaha, na hakuna aliyecheka. Alilitia jani ndooni kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kwenye viazi.

Walifanya kazi hivyo mpaka moshi wa mtaani ukaisha na vivuli vikahamia upande mwingine wa jikoni. Tsivia alimaliza bakuli, akaanza ndoo. Mengi ya ndoo yalikuwa mazuri, akayaosha upya. Kila mara Henda aliinuka, na kila mara akakumbuka hana analoinukia, akakaa. Viazi alivimenya kwa kuvipapasa, ganda likatoka jembamba, refu, halikatiki, wala hakuliona hilo kuwa jambo.

"Mwakani," alisema Tsivia bila kugeuka, na kisu cha Henda kikasimama juu ya kiazi. "Mwakani nitakuja mapema zaidi. Saladi zote hizi kwa asubuhi moja ni nyingi. Na hii stuli yako, mama, nitakuja na yangu."

 Henda aligeuza kiazi, akaendelea. Baadaye sana akasema, "Yangu ni ya magoti mabovu. Lete ndefu."

Jioni, meza ilipojaa na hadithi ya Misri ikafika kwenye uchungu, bakuli la kioo lilizunguka kutoka mkononi mwa Tsivia. Wanaume walichukua, watoto walichukua, Gitele akafumba macho na kufungua kinywa. Henda alipokea fungu lake, akalichovya kidogo kwenye uji mtamu wa tofaa na lozi, akalikung'uta. Mkono wenyewe ukaliinua kwenye taa.

Alikuwepo, mweusi, kando ya uti.

"Mama," alisema Tsivia kwa sauti ya chini.

"Najua."

Mweusi aliteleza kidogo, akatulia. Henda alimtazama, akatamka baraka, akamtia kinywani pamoja na jani, akatafuna polepole, ulimi ukimtafuta.