Majani ya Maua ya Buluu

Mkono wa Naisula una dawa, ndivyo majirani wa Sekei walivyosema, na sifa ile ilimkaa vizuri. Mwanawe Hope alipoungua mguu kwa uji, alitwanga majani ya ule mmea wa maua ya buluu unaojiotea kando ya mahindi, ule ambao mbegu zake hung'ang'ania soksi, akambandika. Kidonda kikakauka. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha: ni ya kubandika. Kuyanywa hakuwahi kumwambia.

Kikohozi kilipomshika mtoto, magome ya mti wa olkiloriti, dawa ya kikohozi ya kutia kwenye supu, yalikuwa yamekwisha. Naisula akawaza, kilichoponya nje kitashindwaje ndani? Akachemsha majani yale na mifupa ya mbuzi. Wiki tatu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kikohozi kikatulia, naye akajigamba bombani kuhusu majani yale.

"Mganga wetu huyo!" jirani yake Paskalina akamtania. "Kesho utatufungulia zahanati."

Kisha tumbo la Hope likaanza kuvimba. Miguu ikabaki njiti, tumbo limekaza. Hospitalini daktari aliuliza mara mbili, "Mama, hukumpa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana, daktari."

Aibu ilimfunga mdomo. Siku ya nne ndipo aliposema, akilia, tawi la mmea mkononi.

Daktari aliligeuzageuza. "Majani haya yanaua ini, mama. Polepole. La Hope limeshaharibika, sina cha kulirudisha."

Naisula akarudi nyumbani kuchukua kanga za mgonjwa. Akamkuta Paskalina ameinama kando ya mahindi, upande wa kanga umejaa majani.

"Mama Hope, pole na mgonjwa. Nimekuibia kidogo. Calvin wangu naye alikuwa anakohoa, nampa tangu mwanzo wa mwezi. Tena anayapenda, anamaliza kikombe!"

Naisula akamrukia. Akampokonya yale majani. Akang'oa mmea mmoja, wa pili, wa tatu, mbegu zikimganda mikononi.

"We mama, una nini? Si wewe uliyesema yanaponya?"

"Ni mimi," Naisula akasema. "Ni mimi niliyesema. Mama Calvin, mwite mtoto, twende hospitali. Ukifika useme yote, usifiche kama mimi."

Paskalina akaita, bado anacheka kidogo.

Calvin akatokea mlangoni, kikombe mkononi. Vifungo vya chini vya shati lake havikufungika juu ya tumbo.