Ulimwengu Ulivyopigiwa Kura

Nimetafsiri kwa lugha ya alama harusi, kesi za talaka, hata mama mmoja aliyekuwa leba akimporomoshea mumewe matusi, na mikono yangu haikuchoka. Ilichoka Jumamosi moja asubuhi, katika ukumbi wa shule ya viziwi, kwa sababu ya wanaume wawili waliokuja kugombania ulimwengu umetoka wapi. Mmoja ni mhubiri, ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule. Wa pili ni mhadhiri wa fizikia, anajiita Profesa, ingawa mlango wa ofisi yake chuoni hauna neno hilo. Nilishapita nikauona.

Wanafunzi wetu humpa mtu alama ya jina kutokana na kile anachokifanya bila mwenyewe kujua. Kabla ya saa nne kugonga, mhubiri alikwisha kuwa leso inayofuta paji la uso, na Profesa mikono miwili inayovuta suruali juu. Ndivyo walivyoitwa mpaka mwisho, na wao wakidhani watoto wanawashangilia.

Shauri lenyewe lilimhusu mdogo wangu. Ni kiziwi, na ndiye mwalimu wa sayansi pale. Muhula uliopita alitaka darasa la mwisho lielewe jinsi ulimwengu unavyotanuka, basi akachukua lastiki ya kiunoni, akaishonea vifungo vya shati na kuwaambia waivute. Kila kifungo kikawa kinaachana na wenzake wote, na ukisimama kwenye kifungo chochote utaona wewe ndiye unayekimbiwa. Somo likaisha, watoto wakaenda kula. Mzazi mmoja akaelewa kwamba mwanawe anafundishwa kuwa dunia imetokana na nguo ya ndani, akapeleka mashtaka kwa mwenyekiti.

Bodi ikaitisha mdahalo. Barua ilisema kila atakayekuwemo ukumbini atapiga kura, wanafunzi pia. Wakishinda wanaotaka somo lifutwe, mdogo wangu anatolewa darasani na kuhamishiwa bwenini kuwa mlezi, kazi yake kugawa mashuka na kuamsha watu. Miaka tisa ya kusomea ualimu, kisha mashuka.

"Wamenipa dakika tatu," aliniambia kwa mikono tukiwa nyumbani kwangu. "Lakini Profesa atanitetea."

Huyu mdogo wangu anasali kuliko watu wote ninaowajua, na hajawahi kuona ugomvi wowote kati ya sala yake na lastiki yake.

Profesa ndiye aliyeanza. Akavuta suruali. "Kwanza niseme wazi," akasema, "huu si mdahalo. Mdahalo ni baina ya watu walio sawa." Wazazi wakaguna. Akaendelea kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni kumi na tatu na zaidi, kwamba mwanzo wake ulikuwa mdogo na wenye joto lisilosemeka, kwamba joto lile lilipoa na mabaki yake bado yanapimika angani. Mambo ya kweli kabisa, na aliyasema kama mtu anayewatupia mbwa makombo. Kisha akaagiza mapazia yafungwe na taa zizimwe, awaonyeshe picha.

Giza likaingia. Mikono yangu ikawa ya kazi gani? Nikamwambia, "Samahani, hawanioni."

"Picha zinajieleza," akajibu.

Dakika ishirini nzima wanafunzi thelathini na saba walikaa gizani wakitazama madoa meupe ukutani, na mtaalamu akimwaga maarifa yake kwa wazazi peke yao. Nilisimama pale nimefumbata mikono.

Taa zilipowashwa, mhubiri alikuwa ameshafuta jasho mara tatu. "Huyu bwana," akasema, "anatueleza habari za mwanzo. Alikuwepo?" Wazazi wakacheka. "Viti mlivyokalia vina seremala. Meza hii ina seremala. Halafu mnaambiwa nyota zimejitokeza tu, zenyewe, bila fundi?" Akaikariri hiyo hoja kwa viti, kwa meza, kwa dirisha na kwa saa ya ukutani, na angeendelea mpaka kwenye ndoo ya kupigia deki kama msichana mmoja wa mstari wa mbele hangenyoosha mkono.

"Seremala anatumia mbao," msichana akauliza, nami nikampa sauti. "Na mti wa mbao huchukua miaka mingi kukua. Mungu akitumia miaka mingi anakuwa si fundi?"

Mhubiri hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mwambie asimharakishe Mungu kwa maswali."

Profesa akacheka kwa pua. Msichana akamgeukia. "Na wewe, kabla ya kuanza kutanuka kulikuwa na nini?"

"Mwambie hilo swali halina maana," akaniambia Profesa.

Mwambie, mwambie. Msichana alikuwa hatua mbili kutoka kwao, ana macho, ana akili kuwashinda, na wote wawili wanaongea na mimi kana kwamba mimi ni dirisha la kupokelea barua. Kwa jambo hilo moja walielewana vizuri.

Kisha mhubiri akatangaza kwamba kabla ya kura tufumbe macho tuombe. Wazazi wakainamisha vichwa. Wanafunzi wakanikodolea macho, maana kiziwi akifumba macho sala imekwisha, hajui kinachoombwa. Nikawatafsiria neno kwa neno. Katikati ya sala mhubiri akafungua jicho moja, akaona macho ya ukumbi mzima yako wazi.

"Ndugu zangu," akasema, ameacha kuomba, "tazameni wenyewe. Hata kufumba macho mbele za Mungu wamekataa. Hayo ndiyo matunda ya somo hili."

Wazazi wakageuka wakatazama. Wengine walitikisa kichwa kwa huzuni. Kuna mama mmoja pale aliyemlea mwanawe miaka kumi na sita bila kujifunza alama hata ya maji, na huyo ndiye aliyetikisa sana. Niliwadharau siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Mdogo wangu akapewa dakika zake. Katika kazi yetu, anayetafsiriwa akisema "mimi", na mkalimani husema "mimi". Kwa hiyo nilisema kwa sauti yangu, mbele ya watu wote: "Mimi namwamini Mungu. Sikuwaambia wanafunzi hakuna aliyeumba. Niliwaonyesha nyota zinakwenda wapi, kwa sababu zinakwenda, na wana haki ya kujua. Mwenyekiti, wanafunzi hawa husali kwa macho. Profesa, hukuwaonyesha kitu, uliwazimia taa."

"Muda umekwisha," akasema mhubiri. Haukuwa umefika hata dakika mbili.

Akasimama kuendesha kura. "Wanaotaka somo lifutwe na mwalimu ahamishwe, waseme ndiyo."

Wazazi na wajumbe wa bodi wakasema ndiyo.

"Wasiotaka, waseme siyo."

Mikono thelathini na saba ilipaa, yote ikisema siyo. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Mhubiri akainamisha kichwa na kutega sikio. Alitega sikio, Mungu wangu, katika shule ya viziwi.

Basi nikaanza kazi yangu. Nikamwangalia wa kwanza mstari wa mbele, nikasema, "Siyo." Wa pili, "Siyo." Wa tatu. Mpaka wa kumi wazazi walikuwa wanacheka chini chini. Sikuruka mtu. Nilipomaliza koo lilikuwa limenikauka.

"Mama, tumekusikia," akasema mhubiri kwa upole. "Katibu, andika sauti hiyo."

Nikamtafuta Profesa. Alikuwa anakunja waya wa mashine yake ya picha. "Sema kitu," nikamwambia.

"Mimi nilialikwa kutoa mada," akasema, "si kupiga kura." Akavuta suruali, akaondoka.

Mdogo wangu alisogea nyuma ya katibu akasoma daftari juu ya bega lake. Nikasoma naye. Waliokubali: wengi. Waliopinga: mmoja.

Wanafunzi hawakuwa wameona daftari. Walikuwa wamehesabu midomo iliyofunguka, wakapata ishirini na miwili, wakajihesabu wao, wakapata thelathini na saba. Wakasimama wote wakipunga mikono juu, ndivyo wanavyopiga makofi. Msichana wa swali la mbao akaja mbio, akamvuta mdogo wangu mkono wa shati, akamuuliza Jumatatu wataanza na somo gani.