Simu ya Karani, Kama Ilivyo

Garantii! Mtu anauza wali maharage chini ya turubai, halafu anakuja kunidai mie garantii. Mie Leodegar, niliyekaa mahakamani miaka ishirini na sita nikiandika na kutunza majalada, nifundishwe sheria na mchambua mchele. Jamani!

Hapa mtaani kwetu Chamazi hakuna kinachouzwa bila mie. Iwe kiwanja, bodaboda, friji, hata mbuzi wa maziwa, watu wanakuja barazani kwangu nawaandikia mauziano, wanasaini, shahidi anaweka dole gumba, wanakwenda zao. Hawana pa kwenda kwingine, maana wengi wao hata barua ya kuomba ruhusa ya mtoto shuleni inawatoa jasho. Bi Bahiya mwenye duka la jirani, mwanamke asiyeuamini hata mzani wake mwenyewe, alikuwa ameniachia bahasha yenye karatasi za kiwanja chake nimwandikie Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kiinua mgongo changu kiliishia kwenye bati za nyumba hii. Kilichobaki ni hilo, kwamba Leodegar akiandika, imeandikwa.

Basi nikataka kuuza simu. Simu nzuri, kioo hakina hata mkwaruzo. Kweli, iliwahi kupata unyevu kidogo kule Kimbiji. Nilikwenda kukagua kiwanja cha mteja, nikateremka ufukweni kupiga picha jiwe la mpaka, wimbi likanikuta. Watu wa mtaa huu ukiwaambia hivyo watasema imezama, maana hawajui kutofautisha mambo. Nilichomoa kile kisahani cha laini, nikaifukia simu kwenye ndoo ya mchele siku tatu, ikawaka vizuri kabisa. Kitu kinachowaka kina ubaya gani?

Akaja Shamimu. Huyu ndiye mama ntilie wa jirani na gereji. Mafundi wanamwagiza chakula kwa simu, na simu yake ya zamani ilikuwa imekufa.

"Shikamoo mzee. Nasikia unauza simu."

Aliigeuzageuza kama anachagua nyanya, akaibonyezabonyeza, kisha akauliza, "Ina garantii, mzee?"

Nilicheka mpaka miwani ikanivuka. Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto wa chekechea, kwamba garantii ni mambo ya dukani. Mtu na mtu wakiuziana, aliyenunua kanunua kama ilivyo. Ikizima kesho, hilo ni lako na Mungu wako.

"Nimekuelewa," akasema. "Na kama muuzaji anaujua ubovu, akanyamaza?"

Ona kiburi hicho! "Hapo ni udanganyifu," nikamjibu, "na udanganyifu ni jambo lingine. Lakini hapa unaongea na Leodegar, binti."

"Basi liandike hilo, mzee. Kwamba haijawahi kuingia maji wala kufunguliwa."

Bi Bahiya alikuwa amekaa palepale, nimemwita awe shahidi. Ningekataaje mbele yake? Nikaandika. Tena kwa mwandiko wangu wa mahakamani, herufi zimesimama wima, nikapiga na mstari chini yake kwa rula. Shamimu aliisoma karatasi ile yote, kidole chini ya kila neno, nami nikawa napiga miayo kwa makusudi.

Siku ya kumi na moja huyo hapo karudi, simu mkononi, kioo cheusi tii.

"Imezima, mzee. Siku ya pili leo wateja wangu wanakula kwa mwingine, mie sipatikani."

"Umeitumbukiza kwenye sufuria la maharage hiyo!" Nilisema kwa sauti, na waliokuwa dukani kwa Bi Bahiya wakacheka. "Nilikwambia nini? Kama ilivyo!"

Hakucheka wala hakufoka. Akasema hajaifungua, amemleta Gibson aifungue mbele yangu na mbele ya shahidi yuleyule, ili nisije nikasema ametia kitu. Gibson ni fundi simu wa stendi, mtu wa kipara na tumbo, aliyekimbia shule darasa la sita. Nikasema afungue. Ule unyevu ulishakauka zamani, nami sikuwa na shaka hata kidogo.

Gibson akabandua mgongo wa simu kwa kisu chembamba. Ndani kulikuwa na ukijani ukijani umetambaa. "Hii imeingia maji ya chumvi, mzee," akasema.

"Kwani jikoni kwake hakuna chumvi?"

Akachukua kibano, akachokoa karibu na pale kinapokaa kisahani cha laini, akatoa kitu cheupe, kidogo mno, akakiweka juu ya karatasi ya mauziano.

"Plastiki hiyo," nikasema.

Shamimu akainama. Akakiokota kwa kucha, akakisugua, akakirudisha palepale. "Chenga ya mchele," akasema. "Nachambua kilo sita kila asubuhi, mzee. Kwa mchele hunidanganyi."

Hapo nikaruka! "Na nani hapa ana mchele? Nani analala na mchele, anaamka na mchele? Si wewe?" Bi Bahiya akatikisa kichwa taratibu, akamtazama Shamimu kwa jicho lile analomtazamia mtu wa noti bandia. Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza pale, mambo yangeishia pale. Lakini nilitaka kuumaliza ujinga ule mbele ya watu wote, nikaita ndani, "Mama Stanley! Njoo umwambie huyu mama, simu yangu imewahi kuingia maji?"

Mke wangu Auleria akatoka anajifuta mikono kwenye kanga. Akaitazama ile chenga, akamtazama Shamimu, kisha mie.

"Unataka niseme, Baba Stanley?"

"Sema!"

"Si ulinikataza nisiguse ndoo ya mchele siku tatu, kwa ajili ya simu hiyohiyo? Wageni wa jumuiya ya kanisani wakaja, nikawapa ugali, uso nikakosa pa kuuweka."

Halafu Bi Bahiya akasema, "Kumbe ndizo siku zile ulizokuja kwangu kukopa unga."

Mwanamke niliyemwoa kanisani, miaka thelathini! Niliingia ndani nikatoa hela, nikamwekea Shamimu mezani. Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la mtandio, lakini hakuondoka.

"Na uniandikie, mzee."

"Nikuandikie nini tena?"

"Kwamba ulijua. Umetangaza mtaa mzima kwamba nimeitia kwenye maharage. Sasa andika, kwa mwandiko huohuo."

Niliifuta miwani mara tatu kabla ya kuanza, sioni haya kusema. Nimeandika hukumu za wezi, za wazinzi, za waliochoma nyumba za baba zao, sikuwahi kuifuta hata mara moja. Niliandika chini ya yale mauziano: *Mimi muuzaji nilijua.* Nikasaini. Bi Bahiya akaweka dole gumba, akalifuta wino kwenye ukingo wa meza yangu, kisha akaunyoosha mkono uleule.

"Karani, nipe bahasha yangu."

"Bi Bahiya, Jumamosi ni keshokutwa."

"Nipe."

Sasa huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Meza iko barazani, rula iko, kalamu iko. Watu wanapita, shikamoo mzee, marahaba, wanapita. Karatasi ile Shamimu kaitia kwenye plastiki na kuifunga kwenye nguzo ya turubai lake, na mafundi gereji, mbumbumbu wale wasiosoma hata kibao cha njia, wanaisoma yote wakisubiri wali. Auleria ndiye aliyeniambia. Anasema wanausifu sana mwandiko.