Carusu

Saa kumi jioni Peris alimkata mzee Calogero kucha, kisha akazoa vumbi la njano alilokuwa akikohoa tangu Jumatatu na kulitupa pipani. Lilinuka kiberiti. Ilikuwa Machi 1996, huko Ilford, London, na Peris, Mkenya, alilipwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Huyu alikuwa Msisilia wa miaka themanini na sita.

"Carusu," mzee alisema, akipapasa kipara chake.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtoto, kwa Kisisilia. Zamani, wasema wengine, ni aliyenyolewa. Halafu likawa jina la mtoto aliyetolewa na wazazi akabebe mawe ya salfa machimboni. Mimi nilitolewa nikiwa na miaka minane. Mama aliambiwa nitafundishwa kazi."

Peris akampa pole, akamchemshia chai.

Ndani ya basi lile neno lilikaa mdomoni mwake kama peremende. Alipofika nyumbani akawaita nalo wanawe wawili waliokuwa wakitazama televisheni. Wakacheka tu. Jikoni Nafula alikuwa akizipiga pasi sare zao za shule. Alikuwa binti wa dada yake, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyeletwa London kusoma. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

"Carusu, chakula tayari?"

Nywele za Nafula zikaanguka zote mezani, msuko kwa msuko. Akazisogeza zisiungue, akamalizia kola.

"Bado wali, Anti."

Kesho yake Peris alimsimulia mzee. Mzee aliendelea kutafuna mkate.

"Na wanao?"

"Hawakupatwa na kitu."

"Neno linawajua walio wake. Huyo binti anasoma?"

Peris alimfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Ataanza Septemba," alisema.

Jumamosi alimnunulia Nafula kitambaa cha kichwa, cha buluu, kizuri. Jumapili akampigia dada yake simu Bungoma. Nafula alikuwa bafuni akiwaogesha wavulana, maji yalisikika.

"Mtoto wangu hajambo?" dada aliuliza.

"Hajambo. Masomo tu yanambana."

"Mungu akuzidishie. Huyu mdogo wake naye analia, anataka kuja huko."

Peris alisikiliza maji kidogo.

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Minane."

"Mtafutie pasipoti," alisema Peris.