Kikohozi cha Mzee Kisyeri

Kwa miaka tisa Gloria hakuwahi kupeana mkono na baba mkwe wake. Si kwamba waligombana. Kwa Wakurya, mwanamke na baba wa mumewe huwekeana heshima iitwayo insoni, na insoni ina masharti mengi kuliko dawa ya mganga: hali naye, hamgusi, hakai alipokaa, na kumwona bila nguo ni jambo lisilotajwa hata kwa mzaha.

Mzee Kisyeri aliyashika masharti hayo kwa mikono miwili. Akitaka kupita kwa Gloria, alisimama kwanza langoni akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, ili mwenye nyumba ajiweke sawa. Gloria akajibu kutoka ndani, "Karibu, Tata," yaani baba. Mzee haingii. Anaacha kibuyu cha maziwa au mkungu wa ndizi juu ya jiwe la langoni, anaenda zake.

Gloria alikuwa tabibu wa zahanati ya kijiji, huko Kemambo, na watu wengi walimpenda. Lakini aliamini kabisa kwamba mzee huyu hampendi. Alichelewa kuolewa kwa ajili ya shule, tena alizaa mtoto mmoja tu, Ester. Alijisemea kwamba mzee anatimiza wajibu, basi. Ilimuuma, ingawa hakumwambia mtu, hata mumewe Wiliam aliyekuwa akifundisha Mugumu.

Siku moja saa saba mchana, jua likiwa utosini, shemeji yake Mniko aliingiza pikipiki mpaka kwenye baraza la zahanati. Baba yake, Mzee Kisyeri, alikuwa amebanwa katikati, na Mama Robi, mke wa mzee, amemshikilia kwa nyuma. Mzee alikuwa amevalishwa koti lake zito na kuzungushiwa blanketi juu yake.

"Shemeji, mzee ameanguka zizini," Mniko alisema huku akihema. "Anatoka povu. Tumempa maziwa, kayatapika yote."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Lile bomba linavuja tangu juzi. Nilimwambia, lakini wewe unamjua mzee."

Walimlaza kitandani. Gloria alivaa glavu, akafunua kope la jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa ikawa nukta. Jasho lilimtiririka, mate hayakatiki, kifua kinakoroma maji, na nyama za mikono zilicheza zenyewe chini ya ngozi. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Dawa ile ya kupe huzuia mishipa ya fahamu kupumzika, na hivyo ndivyo inavyomuua kupe na hivyo ndivyo inavyomuua mtu. Mapafu hujaa maji, ubongo nao hupandwa na degedege.

Mwaka uliopita mkulima wa tumbaku alimfia mikononi kwa sumu ya aina hiyo, kwa sababu kabatini palikuwa na vichupa vitatu tu vya atropini, dawa ya kuikabili sumu hiyo. Tangu hapo Gloria aliwasumbua wakubwa wake mpaka wakampa thelathini. Siku hiyo muuguzi mwenzake alikuwa ameitwa Tarime mjini. Alikuwa peke yake.

Aliposhika mkono wa mzee atafute mshipa, mzee aliuvuta.

"Toka, mkwe," alisema kwa sauti ya chini, povu mdomoni.

"Mshike, Mniko," Gloria alisema.

Alichoma atropini, akasubiri dakika tano, akasikiliza kifua. Bado maji. Akaongeza mara mbili ya ile ya kwanza. Alikuwa amepiga simu Tarime, gari la wagonjwa lingefika baada ya saa moja na nusu. Kisha mzee akakakamaa, macho yakapinduka, kitanda kizima kikaanza kutikisika. Gloria alimgeuza ubavu, akamchoma diazepamu ya kutuliza degedege mshipani polepole mpaka mwili ukalegea. Kifua kikaanza kukauka, naye akashukuru Mungu mapema mno. Robo saa haikupita, kifua kikajaa tena na degedege likarudi.

Hapo ndipo alipoisikia harufu. Haikuwa inatoka mdomoni. Aliinua blanketi, akafungua koti. Shati la ndani lilikuwa limelowa dawa chapachapa, limegandana na mgongo.

"Mama, nani alimvalisha koti juu ya hili?"

"Mimi," Mama Robi alisema. "Alikuwa amelowa, shati limemwonyesha mwili wote. Ningemletaje kwa mkwe wake vile? Nikamfunika. Nikaongeza na blanketi."

Basi walikuwa wamemfunika na sumu yake, ikawa inamwingia mwilini kwa kila dakika ya njia, kwa heshima ya Gloria.

"Avuliwe nguo zote. Aoshwe kwa sabuni, sasa hivi."

Mniko alirudi nyuma hadi mlangoni. Mtoto wa kiume naye ana insoni yake kwa baba.

"Tumwite Mzee Sylvester," Mama Robi alisema. "Ni rika lake. Atamwosha."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Saa moja, akifanya haraka."

"Hana saa moja, mama."

Kwa hiyo Mama Robi alivaa glavu, akaanza mwenyewe. Gloria alisimama nyuma ya pazia akimwelekeza: mkate shati kwa mkasi, osha mgongo kwanza, osha na nywele. Lakini vidole vya bibi vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, mkasi ukaanguka, na mzee alikuwa mzito. Degedege la tatu likaja, nusura mzee adondoke sakafuni.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Huku kwetu methali hiyo tuliipokea shingo upande, tukaitumia kwa mambo ya watu wengine.

"Mama Ester!" bibi alipiga kelele. "Ingia! Ingia, mwanangu. Hiyo insoni nitaijibia mimi!"

Gloria aliingia. Alimtuliza kwa sindano, akakata nguo zote, akazitupa nje. Alimfunika kiunoni kwa kanga ya Mama Robi, akamwosha sehemu kwa sehemu: nywele nyeupe, masikio, mgongo wenye kovu la pembe ya ng'ombe, mbavu zinazohesabika. Hakujua kwamba mzee alikuwa amekonda namna ile. Lile koti lilikuwa limeficha mengi. Mama Robi alishika kichwa cha mumewe akiimba kidogokidogo, na Gloria aliosha huku analia.

Baada ya hapo sindano zilishika. Vichupa kumi na tano, kumi na nane. Kifua kikawa kikavu, mapigo ya moyo yakapanda. Degedege halikurudi.

Ila atropini nyingi kiasi hicho humpa mtu njozi. Mzee alianza kuchuma nyuzi hewani na kuwaita ng'ombe waliokufa zamani. Kisha akamtazama Gloria.

"Mama," alisema.

Mama yake alizikwa kabla Gloria hajazaliwa.

"Niko hapa," Gloria alisema.

"Mama, nina mkwe. Yule wa Wiliam. Anatibu watu, wanamfuata mpaka kutoka Nyamongo." Akacheka kidogo. "Mimi napita kwake kila siku. Sina kazi huko. Nakohoa tu, nimsikie akisema karibu."

Mama Robi aligeukia dirishani.

"Nampenda kama niliyemzaa. Lakini mkwe utamwambiaje? Mwambie wewe, mama. Wewe umeshakufa, insoni haikuhusu."

"Nitamwambia," Gloria alisema. Akamweka sawa kanga, akarudia. "Nitamwambia."

Mzee alilazwa Tarime siku tisa. Aliporudi, wazee walikaa, kondoo akachinjwa, Mzee Sylvester akasema maneno marefu kuliko ilivyohitajika, na jambo la kuvunjwa kwa insoni likaisha. Koti lilichomwa moto pamoja na shati. Wiliam akanunua jingine. Kuhusu siku ile mzee hakukumbuka chochote, au ndivyo alivyosema.

Asubuhi ya kwanza baada ya kikao hicho Gloria alikuwa akikoroga uji aliposikia langoni kikohozi, mara mbili. Alisikiliza kama tabibu kabla ya kusikiliza kama mkwe. Kifua kilikuwa kikavu kabisa.

Alifungua mdomo aseme "Karibu, Tata," kama siku zote. Badala yake alisogea mlangoni, akasimama nyuma ya pazia, naye akakohoa. Mara mbili.

Kibuyu kiliwekwa juu ya jiwe. Kisha mzee akakohoa mara ya tatu, ambayo haimo kwenye masharti yoyote, akaenda zake taratibu kuwatazama ng'ombe.