Jana za Aina Mbili

Fundi wa mafriji alikuwa hodari wa kufufua kompresa ambazo mafundi wenzake walikwisha kuzizika, lakini Kihispania kilimtoa jasho. Salamu alizipata. Vifaa vya friji alivitaja kimoja kimoja bila kugugumia. Kilichomshinda ni jana. Lugha ile ina jana za aina mbili, moja ya jambo lililokuwa likiendelea, nyingine ya jambo lililotokea likaisha, naye alizivaa kama viatu gizani, cha kulia mguu wa kushoto. Jumatatu alikuwa na mtihani wa kuzungumza. Akifaulu, kampuni ya vyumba vya baridi huko ng'ambo ilikuwa inamsubiri. Akifeli, ndiyo basi tena.

Mwalimu wake alikuwa mkewe. Hakusomea ualimu, alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu makochi, nusu vitambaa vya watu. Alianza kwa kumshikia mumewe kitabu jioni, huku akipinda mapindo. Miezi ikapita, mwanafunzi akabaki pale pale, mshika kitabu akaondoka na lugha. Bidii yake ilikuwa na sababu. Mumewe alimwahidi kwamba atatangulia, na baada ya miezi sita yeye atamfuata.

Ahadi hiyo ilikuwa uongo mtupu. Mkataba alioutia saini ulisema mfanyakazi anakwenda peke yake miaka mitatu, bila mke. Siku aliyosaini alirudi nyumbani amejipanga kusema. Akamkuta mkewe mlangoni anamweleza jirani kwa Kihispania kwamba chai ni ya moto, na jirani kakodoa macho haelewi hata neno. Mkewe alikuwa anacheka kwa raha ambayo hakuiona kwake siku nyingi. Akajiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba mwenye kuipita huiona ndefu kweli kweli. Mke alianza kuaga wateja wake. Kisha akatangaza kwamba amepata mtu wa kununua cherehani, atakuja kuichukua Jumamosi ya kabla ya mtihani. Cherehani ile aliinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na ndiyo iliyowalisha mwaka ule karakana ya mumewe ilipofungwa. Fundi alijua fika kwamba ikitoka mlangoni, mkewe atabaki mikono mitupu, mashine hana na safari hana. Alijua, na alinyamaza. Mama mkwe alipompigia kumshukuru kwa kumjali binti yake, sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Aliitikia tu, "Haya mama, asante mama," akatoka kwenda kujishughulisha na bomba lisilo na ubovu wowote.

Alhamisi jioni walikaa kwenye somo kama kawaida. Fundi alikosea, akakosea tena, mpaka mkewe akaweka mkasi chini.

"Fundi mwenzangu," alisema, maana ndivyo walivyoitana, "achana na kitabu. Nikishona mshono mrefu, mguu unakanyaga, kitambaa kinakwenda. Hiyo ndiyo jana ya kwanza. Uzi ukikatika, hiyo ndiyo ya pili."

Fundi alikuna kichwa. Halafu akaona. Friji ilikuwa inanguruma, umeme ukakatika. Akalisema kwa Kihispania, na mkewe hakusahihisha hata herufi. Akasema jingine, nalo likanyooka. Alifurahi mno hata kwa dakika chache akasahau kwamba ni mwenye hatia.

Mkewe akamwambia sasa ni zamu yake kusikiliza na kutafsiri.

"Yo cosía," alisema mkewe.

Nilikuwa nashona, alitafsiri fundi.

"Sonó el teléfono."

Simu ikalia. Fundi alitabasamu, akahesabu kwa vidole: ya kwanza, ya pili. Sentensi iliyofuata ilisema wewe ulikuwa unaoga, na hiyo nayo aliiweza. Nikapokea, akatafsiri. Aliyepiga alikuwa mtu wa kampuni. Hapo tabasamu likamtoka. Mkewe hakusita, alikwenda polepole, kwa sauti ile ile ya kufundishia, na fundi aliendelea kutafsiri kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Akauliza," alisema fundi, sauti ikimfifia, "kama mume wangu anakumbuka kwamba anakwenda peke yake."

Mkewe akatamka sentensi ya mwisho. Fundi aliielewa yote, kila neno mahali pake, lakini haikumtoka kinywani. Ikabidi mkewe aitafsiri mwenyewe.

"Nikamjibu anakumbuka."

Fundi aliuliza ilikuwa lini. Akaambiwa Ijumaa ya wiki iliyopita. Akahesabu jioni walizokaa pale tangu siku hiyo, bega kwa bega, mkewe akimfundisha, na uso ukamwaka kwa aibu. Aliomba msamaha. Alisema aliogopa, alisema alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomsafisha. Mwishowe akasema, kama mtu anayetaka kuokoa angalau kitu kimoja, kwamba Jumamosi mnunuzi akija atamrudisha yeye mwenyewe.

"Mnunuzi nilimkataza siku ile ile," mkewe alisema. "Mimi nilijua haji. Wewe hukujua. Ulidhani Jumamosi mashine yangu inabebwa, na bado kila siku ulinyamaza."

Mkewe alivuta kitambaa kilichokuwa chini ya kiwiko chake, akamwambia akasomee chumbani, mtihani ni Jumatatu na yeye ana magauni ya watu. Fundi akachukua kitabu, akaenda.