Machozi Asiyoyalia Hoodo

Mimi ni nani? Akaale alikuwa ameuliza hivyo katika mstari wa kwanza wa wimbo wake, akarudia mara tatu katika kiitikio, na hadi gari lilipomshusha kambi ya wakimbizi ya Kakuma asubuhi ile hakuwa na jibu. Hilo halikumzuia kutunga beti nne. Alizitunga nyumbani kwao Nawoitorong, Lodwar, wakati wa likizo ya chuo kikuu, chini ya feni, huku mama yake akimletea chai kwa kunyata asije akaikatiza huruma ya bintiye kwa wakimbizi.

Wimbo ungerekodiwa siku hiyo kwa ajili ya redio, na jina la mtunzi lingesomwa hewani. Darasa zima lilikuwa limekwisha kuarifiwa. Mwimbaji alikuwa Hoodo, msichana Msomali wa kambini, ambaye Akaale alimfahamu kwa simu tu. Studioni alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili, kama anayetoa cheti.

Hoodo alisoma, kisha akainua macho. "Abaayo, dada yangu, hapa navuka jangwa kwa miguu, mabomu nyuma yangu?"

"Ndiyo. Ni safari yako."

"Mimi nimezaliwa hapa Kakuma. Safari yangu ndefu ni ya sokoni."

"Ni sitiari," Akaale alijitetea, akijua fika kwamba haikuwa sitiari.

"Na hapa nalia mpaka mto Turkwel unafurika. Mama husikiliza redio hiyo. Akinisikia nalia hivi, ataniuliza ni mwanamume gani ameniliza."

Lokiru, mpiga gitaa, Mturkana kama Akaale, alicheka hadi akaliweka gitaa chini. "Dada, kwetu mtu huimba fahali wake mwenyewe, rangi yake na pembe zake. Wewe umemwimba fahali wa jirani, na zizini hujaingia!"

Masikio yalimwaka Akaale. Mihula mitatu aliandika insha kuhusu kusikiliza, akapata alama nzuri. Sasa alitafuta swali hata moja alilowahi kumuuliza Hoodo, akakumbuka moja tu: sauti yako inapanda hadi wapi?

"Kama ungeimba la kwako," alisema kwa shida, "ungeimba nini?"

Hoodo aliirudisha karatasi, akaimba bila kutazama popote:

*Samaki mkavu, umelala Lodwar,*
*umefika kabla ya kibali changu.*
*Wewe uliyeuona mji,*
*hebu nieleze ukoje.*

Lokiru alikuwa ameshaliokota gitaa, akiitikia. Ubeti huo ulizishinda beti zote nne za Akaale, na, kwa aibu yake, wivu ulimfika kabla ya huruma. Lodwar! Mji alioulalamikia maisha yake yote, na Hoodo hakuruhusiwa kuufikia bila kibali cha kutoka kambini.

"Jamani, nina nusu saa," alisema Sylvia, fundi wa mitambo, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. "Namrekodi nani?"

Akaale aliikunja karatasi yake.

"Dada Sylvia, rekodi wimbo wa Hoodo. Wangu usiingie hata mstari. Yeye ataongoza, mimi na Lokiru tutaitikia. Na jina la mtunzi, andika lake."